Posa ya Paka wa Mtae

Kaka yangu Nurdini amekuwa mshenga wa karibu nusu ya ndoa za Lushoto, na sidhani kama ipo hata moja aliyoiposea bila kutia chumvi. Bwana harusi mvivu humwita mtulivu. Binti mwenye mdomo humwita mchangamfu. Akiulizwa kuhusu maradhi ya ukoo, hujibu upesi kwa maneno yale yale ambayo washenga wa huku kwetu wameyasema tangu enzi za mababu: kwetu hakuna kifafa, hakuna ukoma, hakuna wazimu. Watu humpenda kwa ulimi wake. Hata mimi nampenda, ni kaka yangu wa tumbo moja, lakini asubuhi ile tulipopanda gari la waya kwenda Mtae kuposa paka, nilimwomba jambo moja tu. Nilimwomba asiongee sana.

Alinitazama kana kwamba nimemwambia asipumue. "Mdogo wangu," akasema, "mshenga asiyeongea ni abiria."

Gari likang'oka kituoni Mlalo na kuanza kuelea juu ya mashamba ya kabichi. Upande wa kulia zilionekana nyavu za ukungu zimetandazwa kwenye kingo za milima, safu juu ya safu, zikinasa maji ya mawingu na kuyashusha kwenye mabomba hadi Korogwe na Tanga mjini. Nguzo zake nyingi nimezichomelea mimi. Ndiyo kazi yangu, na naijua vizuri kuliko ninavyojua kupika. Lakini tangu nilipoanguka kifafa nikiwa juu ya nguzo, nikaning'inia kwenye mkanda hadi wenzangu waliponishusha, nilikuwa nimewekwa chini kupanga misumari.

Bangili ya hospitali ninayo. Hulia kwa bidii sana, ila hulia nikiwa nimeshaanguka, na habari hiyo hata jirani angeweza kunipa. Dawa nanywa, zimekipunguza kifafa lakini hazijakimaliza. Msimamizi wetu, Mzee Shemboza, si mtu mbaya. Alinieleza wazi kwamba nikija na paka wa Mtae, anayejua kumwonya mtu kabla hajaanguka, nitapanda tena, nisipokuja naye nitabaki na misumari. Ofisi ya kata nayo ilikuwa imegoma kunipa tena kibali cha kuishi peke yangu. Bila paka, ningehamia kwa kaka. Kwa kaka wananipenda mno. Wifi yangu Zakia hunifuata na mto mkononi kila ninakokwenda, asije akachelewa kuuweka chini ya kichwa changu. Hunifuata nao hadi mlango wa choo. Nilikuwa tayari kufanya lolote nisiishi na ule mto.

Lolote, isipokuwa jambo moja.

Mwaka uliotangulia, kaka alininunulia paka wa mtungi. Wanauzwa mjini, wanakuzwa kwenye mitungi ya maji moto bila mama, na huletwa mlangoni siku hiyo hiyo ndani ya boksi lenye matundu. Muuzaji hakuuliza lolote. Nilimwita Pamba. Kazi yake aliiweza: kila nilipokaribia kuanguka alikuja mbio, akanibonyeza kwa miguu ya mbele, nami nikapata muda wa kuzima jiko na kulala chini. Tabu ni kwamba Pamba hakuweza kuacha kusikia. Alinisikia mimi, akasikia majirani, akasikia soko zima. Kila nilipozinduka nilimkuta nyuma ya pipa la maji, anatetemeka, na baada ya hapo hakugusa chakula siku nyingi. Niliweka maziwa, nikaweka dagaa, nikaweka hadi nyama ya kusaga. Alikuwa akinitazama tu. Hakumaliza mwaka. Nilimzika chini ya dirisha la jikoni, nikamlilia kuliko nilivyomlilia mchumba aliyeniacha, yule ambaye kaka alimhakikishia kwamba kwetu hakuna kifafa, naye akaja kukiona sebuleni kwao mbele ya mama yake.

Kwa hiyo nilijiapia. Nitapata paka asiyeumizwa na maradhi yangu, au nitakaa na mto wa wifi.

"Watu wanasema yule mlezi wa paka, Bi Mwanamvua, hawapi wenye kifafa paka wake," nilimkumbusha kaka gari lilipokuwa likipanda mwinuko wa mwisho. "Yule mwalimu wa Mlalo alinyang'anywa paka."

"Ndiyo maana niko hapa," akajibu, akanyoosha kofia yake. "Niachie mimi."

* * *

Tulipofika, mtu mmoja aliyevaa suti alikuwa anatoka nyumbani kwa Bi Mwanamvua akiwa amekasirika. Alituambia bila kuulizwa kwamba tunapoteza muda, mama huyo ni mkorofi. Baadaye tulisikia kisa chake. Alikuwa mfanyabiashara, alimtaka paka wa kukaa naye kwenye mikutano ili ajue ni nani kati ya wenzake anaogopa. Alikuwa ameshachagua hadi rangi.

Bi Mwanamvua alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, macho mekundu, leso mkononi. Niliona haya kumuuliza kama anaumwa, lakini alijieleza mwenyewe baada ya kupiga chafya mara kadhaa: paka humtia mafua. Ametibu wanyama maisha yake yote na kulea paka kwa miaka mingi, na hajapata kukaa nao siku moja bila kumeza kidonge. Alitunawisha mikono, akatuvua viatu, akatupa kandambili zake. Kisha akanitazama nywele hadi miguu, akaniuliza paka atalala wapi, madirisha yangu yana wavu au hayana, nikisafiri nani atabaki naye. Nilijibu yote. Hakutabasamu hata kidogo.

Kwake paka humnunui, unamposa. Ni lazima uje na mshenga, na mshenga awe ndugu yako. Bei imepangwa na chama chao na hailetwi mazungumzoni. Mahari ni kanga au shuka uliyoivaa wiki nzima bila kufua, ambayo huitanguliza ili watoto wa paka walale juu yake wakuzoee harufu. Mwenye kuposa huja lakini hukaa kimya kama ilivyo ada, mshenga ndiye husema. Kanga yangu niliikuta imetandikwa kwenye kona ya chumba cha paka, imechakaa kwa kucha. Nilifurahi kuiona hapo kuliko nilivyotarajia.

"Kwanza mama," alisema Bi Mwanamvua. "Asiyekuonyesha mama wa paka, usichukue paka wake."

Mama aliitwa Sitara. Alikuwa paka wa kijivu, mnene, mwenye mistari hafifu mabegani, na alikuwa amelala mlangoni pale pale ambapo kila mtu ingebidi amruke. Watoto wake walikuwa wamekua kiasi, wanarukiana juu ya kanga yangu. Bi Mwanamvua alituketisha mkekani, akatuambia tusiwaite. Kisha akaenda ukutani kulikokuwa na sahani pana ya shaba, akaigusa pembeni.

Mimi sikusikia kitu, kaka naye hakusikia. Ila watoto wa paka waliacha mchezo wote kwa pamoja na kuinua vichwa.

Alitueleza huku akijifuta pua. Paka hawa wana sikio la pili ndani ya fuvu, kipande kidogo kuliko punje ya mtama. Wataalamu wa zamani walilichukua kwa samaki wa mtoni wanaosikia umeme wa viumbe wengine majini, wakaliandika katika mbegu ya paka, likarithiwa tangu hapo. Kwa sikio hilo paka husikia ubongo wa mtu. Ubongo unaoelekea kuanguka kifafa hubadilisha mwendo mapema, mwenyewe akiwa hajahisi chochote. Sahani ile ilikuwa ikitoa mwendo wa ubongo wa mgonjwa mmoja wa zamani, marehemu sasa, aliyeuacha kwa hiari yake ili paka wajifunzie.

Watoto walianza kulia kidogo. Hapo Sitara akaamka mlangoni, akaenda kwa mmoja mmoja, akawang'ata ukosi taratibu. Akalala kifudifudi mbele yao, akaweka kidevu sakafuni, akafumba macho nusu na kuanza kuvuta pumzi ndefu. Mtoto wa kwanza akamwiga. Wa pili akamwiga. Mmoja wao, mweupe mwenye kiraka cha rangi ya asali jichoni, alihangaika hadi mama akamng'ata mara ya pili, ndipo naye akatulia. Sahani ilikuwa bado inatoa mwendo ule ule.

"Hapo wamefunga," alisema Bi Mwanamvua. "Wale mabwana walitia sikio kwenye mbegu, lakini mlango wake hawakuutia. Mlango mtoto anafundishwa na mama. Anasikia, anamwambia mtu wake, halafu anafunga, anaendelea na maisha yake. Ukimtoa mapema, au akiwa hana mama kabisa kama hawa wa mitungini, anabaki wazi mpaka anakufa."

Nilimkumbuka Pamba nyuma ya pipa, macho yakanijaa machozi. Nilijifanya naangalia dirishani.

Alipozima sahani, yule mweupe alikuja moja kwa moja kwenye paja langu na kuanza kupigana na kishikizo cha gauni. Jina lake lilikuwa Yungi. Sina la kuficha: nilimpenda papo hapo, na nilitaka nisimame niondoke naye bila maneno zaidi. Kaka aliona uso wangu. Akakohoa, akakaa vizuri, na posa ikaanza.

Aliifanya kwa ufundi wake wote. Alisema tumepita tukaona ua bustanini, tukavutwa na harufu yake, tumekuja kwa adabu kuwaomba wenye bustani. Alimsifu Sitara kwa malezi. Alinisifu mimi hadi nikajiuliza anamzungumzia nani. Bi Mwanamvua alisikiliza huku akipiga chafya.

"Huyu Yungi ana sikio jepesi," akasema Bi Mwanamvua, kaka alipotua. "Husikia mbali, na kufunga hufunga kwa shida. Anafaa sana kwa nyumba tulivu, kwa mtu mzima wa afya anayetaka mwenzake. Kwenye nyumba yenye maradhi ya kichwa ataumia. Ndiyo maana nauliza, na namuuliza mshenga: kwenu kukoje?"

Kaka hakusita hata kidogo. Sidhani kama alifikiri. Ulimi wake ulikuwa umeshapita njia ile mara nyingi mno.

"Kwetu hakuna kifafa," akasema, "hakuna ukoma, hakuna wazimu."

* * *

Yungi alikuwa amelala sasa, ameweka kichwa kwenye kiganja changu. Sitara alikuwa amerudi mlangoni na kufumba macho. Alikuwa amefunga sikio, paka mwenye malezi mema asiyechokonoa vichwa vya wageni. Hakuna aliyekuwa anajua. Bi Mwanamvua aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaanza kumweleza kaka habari za chanjo na chakula. Kwa mwenye kuposa kulikuwa hakuna la kusema, na ada yenyewe ilikuwa inanitaka ninyamaze.

Nikanyamaza. Nilifikiri nyumba yangu, chumba na jiko, ufunguo ninao mimi. Nilifikiri baridi ya asubuhi juu ya nguzo, na ukungu unavyoingia kwenye wavu. Nilimfikiria wifi na mto wake. Nikajiambia pengine Yungi atajifunza kufunga vizuri zaidi akikua, na maradhi yangu si makali kama ya wengine. Nilikuwa najidanganya kwa maneno matamu, na nikayatambua hayo maneno. Yalikuwa ya kaka. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa amenipamba kwa mchumba wangu, na aliyeanguka sebuleni mwa watu nilikuwa mimi, si kaka.

Safari hii ambaye angeumia alikuwa kwenye kiganja changu, na wala hakuwa na mdomo wa kukataa.

"Mama, nisamehe kwa kuvunja ada," nikasema. "Kifafa kipo kwetu. Ninacho mimi."

Kaka akaita jina langu kwa sauti ya chini. Bi Mwanamvua aliacha kuzungumza. Nilimwinua Yungi taratibu na kumrudisha kwenye kanga, nikaeleza yote: nguzo, bangili, Pamba, na jinsi alivyogoma kula. Nilipomaliza niliona mwili wote umekuwa mwepesi, ingawa nilijua kwamba paka nimemkosa. Bi Mwanamvua aliinuka, akamruka Sitara, akatoka chumbani.

Kaka alikuwa ameshika kofia yake mkononi. "Ungeniachia, Salha," akasema. "Alikuwa ameshakubali."

Nilimwambia alichokubali Bi Mwanamvua ni dada mwingine, mwenye afya, ambaye kaka amekuwa akimposea watu maisha yake yote. Sikusema kwa hasira. Akaigeuza kofia mikononi, akatazama ndani yake.

Bi Mwanamvua alirudi akiwa amempakata paka mkubwa kidogo kuliko wale watoto, dume la kijivu lenye sikio moja lililochanika na uso wa kununa. Alimweka mkekani katikati yetu. Paka yule alimtazama kaka, akanitazama mimi, akaona hatuna maana, akaanza kujilamba mguu.

"Huyu ni wa uzao uliotangulia," akasema. "Namwita Kiziwi. Kila anayekuja anamkataa, wanasema hana upendo. Si kweli. Anafunga sikio vizuri kuliko hata mama yake. Anasikia lililo la lazima, basi." Akaenda ukutani, akagusa sahani ya shaba. Watoto waliinua vichwa. Kiziwi aliinua kichwa pia, akasimama, akaja kwangu kwa kuwa nilikuwa mtu wa karibu, akanibonyeza goti kwa miguu ya mbele, mara moja, mara mbili, kwa nguvu. Alipoona nimemtazama, akaondoka akarudi kulamba mguu wake pale alipoachia.

Nilicheka kwa sauti. Sikuweza kujizuia.

"Mama, si unasemekana huwapi wenye kifafa?" kaka akauliza.

"Nani kasema?" Bi Mwanamvua alimgeukia. "Paka hawa walitengenezwa kwa ajili yao. Ninaowarudisha ni waongo. Yule mwalimu wa Mlalo, mshenga wake aliniapia kwamba nyumba ni nzima, nikampa paka mwepesi kama Yungi. Nilipokwenda kumtembelea paka nilimkuta darini, hataki kula. Nikamchukua. Watu wakaona nimemnyang'anya mgonjwa, wakajitungia yao. Tangu hapo kila mwenye kifafa akija ananificha, na kila nikigundua namrudisha, na hadithi inazidi kukua."

Kaka alifikiri kidogo. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, akamwuliza kwa nini basi anataka washenga, na yeye anajua kazi yao ilivyo.

Bi Mwanamvua alikaa chini. Alitueleza kwamba alitaka ndugu. Mtu akiugua au akifa, paka awe na wakwe wa kumpokea, asibaki barabarani. Akatafuta desturi ambayo tayari inawaleta ndugu pamoja, akaipata posa. "Nikawaza mambo yote," akasema, "chakula, mahari, wakwe. Sikuwaza kwamba nikiwaita washenga, watakuja na maneno yao." Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia chafya, na chafya zikamtoa machozi. Kaka naye akacheka, kwa woga mwanzoni, baadaye kwa moyo wote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mama yule kuonyesha meno tangu tufike.

Alipojifuta uso alitoa sharti. Paka nitapewa. Ila posa haikuwa imefanyika, maana aliyeposewa hakuwa mimi. Mshenga aanze upya.

Kaka alivaa kofia. Akakaa vizuri. Nilimwona anatafuta lile ua la bustanini akaliacha.

"Mama," akasema mwishowe, "nimekuja kuposa kwa niaba ya dada yangu Salha. Dada yangu ana kifafa." Katika miaka yote ile, harusini, msibani, hospitalini, sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo pamoja na jina langu. "Anacho tangu utotoni. Nimekificha kila mahali, nikidhani namsitiri. Ni mchomeleaji hodari, ana hasira za haraka, kupika hajui. Anaomba Kiziwi."

"Na paka akiugua kwa sababu yake?"

"Nitamrudisha mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

Bi Mwanamvua akasema posa imekubaliwa. Kisha akanigeukia mimi na kuniambia jambo ambalo nililibeba kama jiwe njia nzima ya kurudi. Kwenye sahani Kiziwi hufunga, lakini sahani si mtu. Siku nitakapoanguka kweli, nimtazame. Asipokula baada ya hapo, nimrudishe Mtae siku hiyo hiyo, nisingoje kesho.

* * *

Mzee Shemboza alinipandisha nguzo wiki iliyofuata. Nilishona mfuko wa turubai wa kubebea mgongoni, na Kiziwi alikaa ndani yake akitoa kichwa tu, amenuna, anautazama ukungu. Mwenzangu wa zamu alikuwa Mbaruku, mtu wa maneno machache anayependa chakula chake. Kila siku huja na bakuli la wali na samaki wa kukaanga, hulifunga kwa kitambaa na kuliweka chini ya nguzo kwa heshima kubwa.

Siku zikapita bila tukio. Nilipaswa kufurahi, na kazini nilifurahi, lakini kila jioni nilipomwekea Kiziwi chakula nilijiuliza ni lini. Alikula vizuri. Pamba naye alikuwa akila vizuri hadi nilipoanguka mara ya kwanza.

Ilitokea kabla ya mapumziko ya mchana. Nilikuwa juu, kinyago cha kuchomelea kimefunika uso, nikahisi miguu miwili inanibonyeza bega. Nikadhani anajigeuza. Akanibonyeza tena, kwa nguvu ile ile aliyonibonyeza nayo goti Mtae. Nilizima moto. Nilimwita Mbaruku, nikashuka ngazi kwa utaratibu, nikafungua mkanda, nikautoa mfuko mgongoni na kumwachia paka huru. Nilipata hata muda wa kukunja koti nikaweka chini ya kichwa. Jambo la mwisho nililoliona ni nyasi zenye maji.

Nilipozinduka mdomo ulikuwa mchungu na kichwa kizito. Mbaruku alikuwa amechuchumaa kando yangu, amenigeuza ubavu kama alivyofundishwa. Sikumuuliza kuhusu mimi. Nilimuuliza paka yuko wapi. Sikungoja jibu. Nilianza kumtafuta kwa macho nyuma ya mapipa ya maji, nyuma ya marundo ya nyavu, mahali popote pa kujificha na kutetemeka. Nilikuwa nimeshaanza kupanga safari ya Mtae, na nilikuwa nalia.

"Dada Salha," Mbaruku akasema, "sitaki kukuongezea uchungu na hali uliyonayo. Lakini paka wako hana adabu."

Akanyoosha kidole. Chini ya nguzo, kitambaa kilikuwa kimevutwa pembeni na bakuli limepinduka. Kiziwi alikuwa amesimama ndani ya wali kwa miguu yote minne, akimaliza kichwa cha samaki. Alikuwa anakitafuna kwa makini, upande mmoja kisha upande mwingine, na hakuonekana kuwa na haraka wala wasiwasi wowote.

Niliketi kwenye nyasi nikamtazama anavyokula. Machozi yaliendelea kunitoka lakini yalikuwa mengine sasa, na nilishukuru kwa sauti bila kujali Mbaruku anafikiri nini. Nikampigia kaka simu. Nilimwambia nimeanguka nikiwa chini, sikuumia. Kaka, ambaye tangu utoto wetu huanza kwa kuuliza ni nani ameniona, safari hii alikuwa na swali moja.

"Amekula?"

"Amekula," nikamwambia. "Amekula samaki mzima wa mwenzangu."

Nikamsikia akimwita wifi Zakia kutoka jikoni. Alikuwa anamwambia kwamba ule mto anaweza kuurudisha kitandani.